Theluji Niliyoifagia Uani

Jumapili, 9 Januari

Nje baridi ni nyuzi hasi arobaini na saba. Kunney wangu karudi mjini Yakutsk, kwenye taasisi yao. Binti yangu anapima joto la ardhi iliyoganda — kijiji gani kingine kimezaa mtu kama huyo? Mimi niliishia darasa la nane, nikaenda kukamua ng'ombe. Yeye mwaka juzi alitoboa uani kwangu, akashusha bomba lenye nyaya mita kumi, na ufunguo wa kisanduku cha kusomea namba akanipa mimi. Si mkuu wa kijiji. Mimi. Kila Jumanne nasoma namba, naziandika daftarini, namtumia.

Jirani yangu Ogdo anasema bomba hilo ndilo linaloingiza joto chini. Nikamwambia, basi na sindano ya daktari ndiyo inayoleta homa. Akanywa chai yangu hadi tone la mwisho.

Jumanne, 18 Januari

Nimefagia theluji juu ya ghala letu la chini ya ardhi, kama kila mwaka, ili baridi ishuke. Mwaka jana kuta zilitoa jasho, barafu tuliyoiweka kwa maji ya kunywa ikayeyuka, nusu ya nyama ya farasi nikawapa mbwa. Mwaka huu joto halipiti kwangu.

Kisha nikaona bomba la mwanangu limefunikwa hadi shingoni. Nikalifagilia nalo, hatua kumi kila upande. Na nitafagia kila itakapoanguka. Mgongo unalalamika. Ulalamike.

Jumanne, 15 Machi

Mita tatu chini: hasi nne nukta mbili. Mwaka jana wiki hii hii: hasi mbili nukta sita. Nimesoma mara tatu, na miwani na bila miwani. Dunia nzima inalia joto, kwangu ardhi inapoa! Nimemwambia Ogdo. Nimesema dukani. Nimesema posta. Mtandao umekatika tangu mwanzo wa Februari, kwa hiyo Kunney ndiye pekee asiyejua.

Alhamisi, 17 Machi

Mkuu wa kijiji, Nyukulay, kaja mwenyewe, kavua kofia mlangoni. Anataka kujenga chekechea nyuma ya uzio wangu. Vuli Kunney alimwandikia kwamba ardhi pale inalegea: nguzo ziende chini sana, au watafute kiwanja kingine.

"Mama Kunney, namba zako zimetuokoa," kasema. "Nguzo fupi zinatosha." Akapiga picha daftari langu. Nikamkatia samaki mbichi wa kuganda, yule mnono wa wageni wa heshima. Nilijiona mimi ndiyo taasisi.

Jumapili, 20 Machi

Mtandao umerudi, Kunney kapiga. Hakufurahi.

"Mama, umegusa theluji?"

Nimeifagia, nikasema, nani hapa asiyejua theluji ni blanketi?

Kanieleza polepole: nilichopima ni ardhi iliyovuliwa blanketi. Kiwanjani theluji iko kiunoni, na chini yake joto linapanda vilevile. Kosa ni lake, anasema, hakunionya. Nikamwambia asininyang'anye kosa langu, nimelitolea jasho. Anataka kumwandikia tena Nyukulay. Ile barua ya vuli ilifanya nini? Nitakwenda mimi.

Jumatano, 23 Machi

Niko ukumbini kwenye mkutano wa kijiji, naandikia gotini. Nyukulay kasoma namba zangu kwa sauti. Wamepiga makofi, Ogdo kuliko wote. Nilikuwa nimeshamweleza Nyukulay yote mlangoni, kabla ya mkutano. Alinivuta pembeni: "Ukisema ulikosea, watamcheka binti yako."

Wamcheke. Mimi watanicheka zaidi, maana nilitangaza hadi posta. Watoto arobaini watalala usingizi wa mchana juu ya ile ardhi. Mwanangu alisema kweli tangu vuli, na mimi, mama yake, ndiye niliyempa huyu bwana kisingizio.

Nyukulay anauliza nani ana neno. Nimeinua mkono wa kushoto, wa kulia unaandika. Anaangalia dirishani. Sishushi. Anasema, haya, tupigie kura nguzo fupi. Ogdo ananivuta koti, kaa, kaa. Nasimama —