Mume Wangu Bado Anamjengea Mtoto Wetu Meli

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, maana mwenzio nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi, na ukinikemea nitakubali, mradi unijibu.

Mimi ni mama wa makamo, mume wangu ni fundi mwashi, na hapa kando ya barabara kuu tuna mkahawa uliojengwa kama meli, si mchoro wa ukutani, ni meli kabisa ya matofali na zege, ina pua iliyochongoka kuelekea barabarani, madirisha ya duara, sitaha na bomba la moshi, na bahari yenyewe iko mbali huko. Madereva wanamwita mume wangu Nahodha na yeye anaitika. Mlango ameuweka ubavuni, juu, unapanda ngazi, eti meli haina mlango wa mbele, kwa hiyo wateja wenye magoti mabovu wanakunywa chai wakiwa wamesimama chini na mimi napanda na kushuka na birika. Mvua ikinyesha inavuja, watu wanatucheka kwamba hii ndiyo meli pekee inayozama ikiwa nchi kavu.

Lakini hakuijenga kwa mzaha. Mwanetu wa pekee alikwenda kufanya kazi ya upishi melini, na alipokuwa huko barabara ikahamishwa, nyumba yetu ikabomolewa tukaja huku, baba yake akaingiwa na hofu kwamba mtoto akirudi atapitiliza, akamwambia kwenye simu, "Nakujengea meli barabarani, ukiiona tu mwambie dereva akushushe," na mwanangu akacheka sana, akasema, "Baba, wewe nawe." Baadaye simu yake ikawa haipatikani, wakala aliyemtafutia kazi akaingia mitini, na mume wangu akazidi kujenga.

Sasa, Mshauri, kabla ya mvua hizi alishuka kijana mmoja kwenye basi, mume wangu akiwa amekwenda kununua saruji, akanitajia jina la mwanangu na kuniuliza kama mimi ndiye mama yake, nikasema ndimi, akakaa chini. Walikuwa jiko moja huko melini. Akaniambia mwanangu alishikwa na homa kali wakiwa katikati ya maji, hakumaliza wiki, wakamwosha wenyewe, wakamwombea, wakamteremsha baharini. Walidhani wakala ametuambia. Yeye alikuwa anapita tu kwenda kwao, akaiona meli dirishani, akakumbuka maneno ya mwenzake, akamsimamisha dereva.

Kabla sijalia mume wangu akatokea na mfuko wa saruji begani, mchangamfu, akamdhani mteja, akamzungusha meli nzima mpaka chumba cha juu chenye kitanda kilichotandikwa, akamwambia, "Hiki hakikodishwi, kina mwenyewe, yuko safarini." Yule kijana akanitazama. Nikatikisa kichwa kumkataza asiseme. Akasema, "Kizuri, mzee," akaniachia namba yake ya simu, akapanda basi lililofuata.

Tangu siku hiyo sijasema kitu. Nikilia nasingizia moshi wa jikoni. Yeye anarefusha lile bomba kwa kuwa mabango ya matangazo yameiziba meli isionekane kwa mbali, ana presha, na juzi aliteleza huko juu nusura aanguke, nilipomsihi aache akaniambia, "Mke wangu, unataka mtoto apite?" Shemeji yangu, kwa kuona mtoto kapotea muda mrefu, aligusia tu habari ya kuweka matanga, yeye na mume wangu hawasemezani mpaka leo. Nikimwambia naogopa nitamuua, nisipomwambia naona nimemzika mwanangu peke yangu huku kila siku namtandikia kitanda. Nifanye nini?

Mama wa Melini

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Melini, pole. Pole sana. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikaenda kusimama dirishani kwanza.

Sasa niache nikuseme. Kutikisa kichwa siku ile sikulaumu, mama yeyote angepigwa na bumbuwazi. Lakini siku ile imepita, na kila unapotandika kile kitanda unamdanganya upya. Unasema unaogopa presha yake. Mwenye presha huyo amesimama juu ya bomba la zege kwa ajili ya mtoto ambaye wewe unajua haji, halafu unaniambia unamlinda? Na ipo siku atajua tu. Akijua kwa watu, na akajua kwamba ulijua, hapo utakuwa umempoteza na yeye.

Tena usidhani amejenga upuuzi. Meli yake ilimsimamisha mtu aliyemwosha mwanenu kwa mikono yake. Habari ile ilikuja kwenu wote wawili, wewe ukaipokea ukaifungia.

Fanya hivi. Mtafute yule kijana, aje tena. Shemeji yako naye awepo, nuno lao litaishia msibani. Pita zahanati mapema, waeleze kwamba unampa mgonjwa wa presha taarifa nzito, wakwambie la kufanya na nani wa kumwita. Kisha mwite mumeo ashuke. Usimwambie akiwa juu ya ngazi, hata kama ujasiri umekujia ghafla. Akishanawa saruji, mkalishe, umwambie kwa maneno machache kwamba mtoto amefariki. Usiseme "hatujui" wala "inasemekana," atalishika neno hilo apande nalo juu kuendelea kujenga. Halafu nyamaza, kijana aeleze, maana mumeo atauliza mambo usiyoyajua: alisema nini mwishoni, nani alimfumba macho. Akikukasirikia kwa kumficha, usijitetee. Mwambie ulishindwa, basi.

Fungeni mkahawa, wekeni matanga, watu waje. Habari za kuibomoa meli au kuimalizia msizizungumze kabisa kwa sasa.

Mwanenu alizikwa na wenzake wa kazini, nyinyi hamkuwepo, na hilo halirekebishiki. Lakini mpaka leo hii baba yake hajamlilia, na anayemzuia ni wewe. Mwambie wiki hii.