Kigingi cha Tano

Jumatatu, 3 Machi 1986
Natangaza rasmi kwa taifa zima la chumba hiki, yaani mimi na paka: reli imefika Dabaso. Kwa sasa ni vigingi vinne vyenye vitambaa vyekundu, vimekatiza shamba langu la minazi. Wapimaji wanasema tutakwenda Mombasa na kurudi siku hiyo hiyo. Nimeshajiona dirishani, kitambi nacho kimepata kiti chake.

Jumatano, 5 Machi
Hakuna anayekatiza shamba. Wanawake wa kisimani wanazunguka hadi kwenye mikoko. Jirani kaniambia vile ni koma, miti tunayowasimikia wafu wetu. Mti umesimikwa, umevishwa kitambaa, na mfu wake hajulikani. Nani avuke? Nimemcheka. Kisha nami nikazunguka.

Ijumaa, 7 Machi
Vigingi vimekuwa vitano. Vinne vina namba. Cha tano hakina, ila kina shingo na kichwa. Chini yake kata ya tembo la mnazi, kama ya tambiko, povu bado bichi. Mbwa wa jirani hasogei. Sipendi.

Jumamosi, 8 Machi
Jana jioni msimamizi wa wapimaji alipita. Kaniagiza mimi, kwa kuwa ni seremala, ning'oe kile cha ziada kabla hawajaja Jumatatu na tingatinga. Nimekwenda alfajiri. Nimekishika. Kilikuwa na joto, na jua halijatoka. Nimetimua mbio na kitambi changu. Kiatu kimoja kimebaki huko.

Jumapili, 9 Machi
Nimefuata kiatu. Nimemkuta Shangazi Kadzo, dada wa marehemu baba, amekikumbatia kigingi, shavu shingoni mwake, anaimba chini chini. Kumbe joto lilikuwa lake. Na mti wenyewe ni muhuhu wangu, ule mgumu wa karakanani. Aliniomba kipande, eti cha mguu wa kigoda. Mumewe alikwenda bara kujenga reli enzi za mkoloni, akafia huko. Kaburi hatulijui.
"Alikwenda kwa treni, mwanangu," kasema. "Ataijuaje njia nyingine?"

Alhamisi, 12 Juni
Ukweli wenyewe ni huu. Sikung'oa. Nilimwambia msimamizi kwamba yule ni mzee wetu, anarudi nyumbani. Hakucheka. Alisogeza kamba yake ya kupimia kando, wakaendelea, na hawajaonekana tena. Treni hakuna. Mvua imeshaozesha vitambaa vyao. Kitambaa anachokivisha Shangazi kigingi chake ni kipya kila Ijumaa.
Njia ya zamani ya kukatiza shamba imeota nyasi. Kijiji kizima tunapitia mikokoni. Leo nilikuwa na mbao begani, nzito. Nikazunguka. Nikamwamkia mzee kwa mbali.