Nywila Nisiyoweza Kuitamka

Alhamisi, Oktoba 1998. Jua la Shinyanga leo limewaka hasa, na mvua bado inatuzungusha. Ila mimi roho yangu kwatu.

Nimeiweza ile kompyuta!

Ofisini tunatunza chanjo za ng'ombe. Kompyuta yetu ya Linux ina programu mbili: moja inasoma joto la jokofu, nyingine inapiga kengele likizidi. Umeme ukikatika na kurudi, haziamki mpaka kila moja ipewe nywila. Nimeitwa kutoka kanisani, nimeitwa na mapovu kichwani. Nywila naijua peke yangu, basi nikawa najiona wa maana kweli.

Sasa niungame. Nywila ni jina la baba mkwe wangu. Kwetu mke hamtaji baba mkwe kwa jina, nikaona hapo hakuna atakayenidhania. Vidole viandike, mdomo ufungwe.

Mwezi uliopita nilikwenda Geita kumuuguza yeye mwenyewe. Alipopata nafuu akanisindikiza dukani kwa Mzee Karim, nilikoitiwa simu. Aliyepiga alikuwa Mhoja, mwenzangu wa ofisini: "Mama Kulwa, umeme umerudi, mashine inadai nywila. Itaje haraka!"

Nikamtazama baba mkwe, pale pale ubavuni. Nikasema nimesahau.

Mweh! Usiku ule jokofu likagoma, kengele haikulia, boksi zima la chanjo likatupwa. Wafugaji waliotoka mbali na mifugo yao wakarudi hivyo hivyo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini mimi yangu nilikuwa nayo mkononi.

Leo nimeziandika programu hizo kwenye faili la kuwashia mashine, ziamke nayo kabla mtu hajagusa kibodi. Hizo mbili tu. Mengine yote bado yanadai nywila, sijawa mjinga. Nikachomoa waya mbele ya Mhoja, nikachomeka, tukasubiri. Namba za joto hizoo! Nikaacha mlango wa jokofu wazi, kengele ikalia mpaka majirani wakachungulia. Hakuna aliyeulizwa kitu.

Ndipo nikamweleza Mhoja ukweli. Nilidhani ataninunia. Akasema hata yeye asingetamka jina la mkwewe.

Kesho napanda basi la Geita. Siku ile, njiani kutoka dukani, baba mkwe aliniuliza kama kweli mtu wa akili zangu anaweza kusahau, nikamwitikia ndiyo. Hilo bado linanichoma. Nitampa shikamoo, kisha nitamwambia nilidanganya.

Akiniuliza neno lenyewe lilikuwa lipi, nitamjibu nini?