Wimbo wa Ng'ombe Katika Kaseti ya Kukodi

Isiolo,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Dada Mghoi,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango wa jikoni. Nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya, usimsomee Mama barua hii, usimwonyeshe shemeji, wala usiitaje kisimani. Ukimaliza, itie motoni. Mama akiuliza nimeandika nini, mwambie mimi ni mzima, ninakula, na joto la huku nimelizoea. Hayo yote ni kweli.

Hamjambo nyote? Kifua cha Mama kinaendeleaje? Nilisikia ukungu umekaa sana Mgange mwaka huu na maharagwe yameoza shambani. Huku ukungu hatuujui. Tunajua vumbi.

Dada, katika barua iliyopita nilikushauri uuze santuri za Baba. Nilijivuna kidogo, nakumbuka. Nilikwambia siku hizi mtu haweki muziki kabatini. Dukani kwetu mwanachama hulipa kila mwanzo wa mwezi, huchukua kaseti tano, na akizichoka huzirudisha akapewa tano nyingine. Nikasema santuri ni mzigo, zinakwaruzika bure. Kama hujaziuza, usiziuze. Kama umeziuza, nenda kwa mnunuzi umrudishie alichokupa, hata kama ni kumpigia magoti. Sababu ni hii.

Katika wanachama wetu alikuwamo Lomuria, Mturkana, utingo wa lori la kwenda Biliqo. Mtu wa mzaha. Akiingia dukani alikuwa akiniita "karani wa ng'ombe wasiokula," maana naziandikisha kaseti namba kama mifugo. Kwao kila mwanaume ana dume lake la ng'ombe analoliimbia, na akiimba huinua mikono kama pembe. Siku moja huko Biliqo lori liliharibika, wakakaa siku tatu. Lomuria akaichukua redio yake, akatia kaseti ya kwetu, akajirekodi akiimba wimbo wa dume lake upande mzima, juu ya nyimbo zetu. Hakujua ni kosa. Kaseti ilikuwa nyumbani kwake mwezi baada ya mwezi, na yeye analipa. Angejuaje kwamba si yake?

Mwezi uliopita alianguka kutoka juu ya mzigo, lori likivuka mto. Alikufa kabla hawajafika hospitali. Mkewe, mama Ekai, anayeuza chai pale malori yanapoegeshwa, akauza redio ili amzike. Mwezi ulipoanza hakuwa na ada. Tajiri wetu, mwenye duka (huku sote tunamwita hivyo, hata wanawe), akaniambia nikazichukue kaseti.

Mama Ekai alinipa nne. Ya tano aliishika kifuani.

"Karani, hii iko baba Ekai ndani," alisema. "Chukua hizi zote, hii niachie."

Nilimwambia kwamba Tajiri anazihesabu. Kisha, Dada, nikafanya wema. Nilimwambia aniazime siku moja tu, nitaunakili wimbo katika kaseti yangu mwenyewe, nimpe iwe yake daima. Unaikumbuka kaseti ile, ndiyo pekee niliyo nayo: ile tuliyorekodi nyimbo za santuri za Baba kwa redio ya mwalimu, siku mbili kabla sijaondoka. Nilijiambia nyimbo hizo haziwezi kupotea, kwa kuwa santuri zenyewe unazo wewe.

Mama Ekai alinipa kaseti kwa mikono miwili.

Mashine yetu ina nafasi mbili. Ya kushoto inacheza, ya kulia inarekodi. Kutwa nzima kazi yangu ni kuchukua kaseti za duka zilizorudishwa, kuzitia kulia, na kuzirekodi upya. Adhuhuri Tajiri alipokwenda kula, nilifunga mlango na kuzitia zile mbili. Nilifanya haraka, maana hakubali mashine itumike kwa mambo ya mtu. Mkono ulifanya ulivyozoea. Kaseti ya duka nikaitia kulia, yangu kushoto. Sauti niliizima kabisa nisisikike nje. Tajiri alipogonga, nilizitoa zote mbili bila kusikiliza hata neno.

Kesho yake mama Ekai alikuja mwenyewe kumwomba Tajiri. Duka lilikuwa limejaa. Alisema hataki nyimbo, anataka ile moja tu kwa sababu ya sauti ya mumewe.

"Kaseti ni yangu," Tajiri alimwambia. "Sauti ni ya mume wako? Basi chukua sauti, kaseti acha hapa."

Watu walicheka. Tajiri akikuta watu wanacheka haachi. "Hebu tusikie hilo ng'ombe kwanza. Karani, weka."

Niliweka. Likatoka gitaa. Nilidhani nimekosea upande, mpaka wimbo ulipofika pale sindano inaporuka, palepale ulipoiangusha santuri ukiwa darasa la tatu na Baba akakuchapa. Ukaruka mara mbili, ukaendelea. Nyimbo za Baba zilikuwa zimerekodiwa juu ya wimbo wa Lomuria.

"Ala! Ng'ombe ya huyu mzee imejua gitaa!" alisema Tajiri. "Mama, hii ndiyo ilikuwa inalala nyumbani kwako?"

Dereva mmoja mzee, aliyekuwa amesafiri na marehemu, aliweka kaseti zake mezani, akasema tu, "Salaam aleikum," akatoka. Wengine walibaki wakicheka. Mama Ekai hakulia. Alimtazama Tajiri, akamwambia taratibu, "Wewe umefuta. Yule mwenye amefuta sauti ya baba Ekai, sauti yake isisikike kwao tena."

Tajiri alifuta machozi ya kicheko. Mimi ndiye niliyeipokea laana ile, Dada, nikiwa nimesimama nyuma ya meza na kalamu mkononi.

Jioni mama Ekai alinisubiri nje. "Karani, ile yangu uliniwekea?"

Ningeweza kusema. Nilimwambia kwamba Tajiri alinikatalia mashine. Alinishika mkono, akanishukuru kwa kujaribu. Kesho yake aliniletea chai na hakutaka malipo, naye huleta kila siku mpaka leo.

Lililo baya zaidi ni kwamba anaamini wimbo bado uko mahali. Aliniuliza kama Lomuria hakuwahi kuuimba katika kaseti nyingine kati ya zote alizokodi. Nilisema labda. Nilisema hivyo ili aondoke. Sasa kila asubuhi huja, huketi kando ya mashine, nami namchezea mwanzo wa kaseti moja baada ya nyingine. Tajiri ameruhusu, anasema mama huyo anavuta wateja. Kweli watu huja kumtazama. "Leo iko karibu?" wanamuuliza. "Imelia mooo?" Naye huniangalia mimi, si wao, huku akisema, "Weka ingine, mtoto wangu."

Shemeji zake wamekuja kutoka Gotu na fimbo zao. Wanauliza mtaani nani aliishika kaseti kabla ya Tajiri. Nikisema, nitapoteza kazi, na huenda nikapoteza zaidi ya kazi. Nisiposema, kaseti zilizobaki hazifiki arobaini, na zikiisha sijui nitamtazamaje. Ndiyo maana nakuomba santuri za Baba zisitoke nyumbani: nimeona kilichofutwa hakirudi.

Nisalimie Mama, na shemeji, na shangazi anayetuuzia ndizi, na mwalimu mwenye redio. Usimwambie kwa nini namkumbuka.

Nijibu upesi. Usitumie sanduku la duka, Tajiri hufungua kila barua. Andika kwa sanduku la shule ya msingi ya hapa mjini, kwa mkono wa mwalimu mkuu, ambaye ni wa kanisa letu. Ukiona ni heri nimwambie mama Ekai, andika kwamba mbuzi wa Mama amezaa. Ukiona ninyamaze, andika kwamba mbuzi amekufa. Usiongeze maelezo.

Kaseti usitume, hata kama Mama atataka nisikie sauti yake. Mashine ya kuisikilizia ni moja tu, na mama Ekai yuko kando yake tangu duka linapofunguliwa, akiisubiri sauti ya mumewe.

Mdogo wako,
Mwakio