Mashine ya Binti Yangu Inakufa Kila Alhamisi

Shangazi Nafuna mpendwa,

Nakuomba unijibu upesi maana Ijumaa ya wiki ijayo lori linakuja, na ningekuwa na mtu mwingine wa kumwambia siri hii nisingekusumbua, lakini wote ninaowajua ndio haohao niliowatambia.

Mimi ni mama Mkongo, naishi ugenini huku, mtaa wa Kansanga, shule niliishia darasa la sita kule Butembo, lakini Mungu hakuninyima mikono, nafuma vitambaa vya kufunika makochi na meza na redio, na nikikuambia hakuna harusi ya watu wetu huku ambayo kitambaa changu hakikukaa mbele ya maharusi usidhani najisifu, uliza tu. Nina binti mmoja, Huguette, na huyo, Shangazi, si mtoto, ni baraka yenye miguu. Anatengeneza kompyuta, tena si hizi mpya, mpya kila mtu anaweza, yeye anaokota zile za zamani zilizotupwa, nyingine ina umri sawa na yeye, anaitia mfumo wa siku hizi ambao watu wa dunia nzima wanautengeneza pamoja na kuugawa bure, hauna mwenyewe, yeyote anaruhusiwa kuufungua atazame ndani, jina lake ni herufi tupu mimi huzisahau, na maiti inafumbua macho. Moja iko sebuleni kwangu, kubwa, ya kijivu, inanguruma kama mume aliyeshiba.

Sasa Madam Akwero, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana kule Mbuya, ana kompyuta kuukuu thelathini stoo. Alimwambia Huguette, "Binti, hiyo yako ikikaa mwezi mzima bila kuzimika, nakupa hizi zote uzifufue uwafundishe wasichana wangu. Ikishindwa, lori la vyuma chakavu litazibeba." Umeme wetu unaujua, lakini mwanangu aliifunga mashine kwenye betri ya gari, umeme ukikatika yenyewe haina habari.

Basi kila Alhamisi saa tisa wamama wa maombi hukutana kwangu, na kati yao yuko Mama Reine, ambaye mwanawe ana laptop mpya nyembamba kama chapati, na hatunywi chai bila kusikia habari za hiyo laptop. Siku moja akaitazama mashine yetu akasema, "Mama Huguette, hilo friji lenu bado linapoza?" Wamama wakacheka na Biblia mikononi. Shangazi, moyo uliniwaka! Kwetu kitu cha heshima kinavaa, kisichovaa ni cha jikoni. Alhamisi iliyofuata nikaivalisha mashine kitambaa changu kikubwa cha njiwa wawili, kilichonimalizia Kwaresima nzima, kikaifunika mbele, nyuma na mbavuni mpaka chini, na Mama Reine alipoingia, hata "amina" aliisema polepole. Wageni walipoondoka nikakitoa nikakikunja, maana Huguette alishanionya, "Mama, hiyo usiiguse hata kwa kuifuta vumbi."

Jioni akarudi akakuta imezimika. Akaiwasha, akaanza kuhesabu mwezi upya. Alhamisi ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile, na Madam Akwero akachoka, akaliita lori.

Huguette akawaandikia wale watu wa ng'ambo wanaotengeneza mfumo. Mzee mmoja wa nchi ya baridi, sijui hata kama ana sweta, anamjibu kila siku, na sasa wako wanne, wamegundua mashine inakufa Alhamisi tu, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, wanasema lazima ile sehemu inayohesabu siku za juma ina kosa lililojificha miaka na miaka, wanaipekua mstari kwa mstari. Huguette akaniuliza, "Mama, Alhamisi kuna nini hapa nyumbani?" Nikamjibu, "Kuna maombi." Sikudanganya.

Lakini hiyo Alhamisi ya tatu, tukiwa tunaimba, niliingiza mkono chini ya kitambaa, na mama wee, moto kama kikaango! Feni inalia ndani kama mtu aliyefungiwa chooni. Nikajua.

Mimi naona nikae kimya, nisiifunike tena, mzee atatuma dawa yake, mashine itapona, wao watafurahi wamepata kosa na mimi nitabaki na heshima yangu. Ila Huguette analia chumbani, anasema pengine kazi haijui, anasema lori lije tu. Nifanye nini? Na tafadhali usitoe jina langu, andika tu Mama Huguette wa Kansanga, mfumaji.

*

Mama Huguette,

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. Kansanga nzima inajiuliza ni nani.

Pole kwa lile neno la friji. Ningekuwa mimi ningeifunika kwa blanketi. Lakini nikugombeze kidogo: umemsifu binti yako barua nzima, na siku alipohitaji neno moja tu kutoka kwako ukampa "kuna maombi". Sifa zote unawapa wageni, machozi yote unamwachia yeye! Na huyo mzee wa nchi ya baridi anafanya kazi yake bure, nawe unamtuma awinde panya unayemfuga mwenyewe. Ukikaa kimya ataikata sehemu nzima isiyo na kosa, na kesho kompyuta za watu wasiokujua zitasahau Alhamisi ni lini.

Leo Huguette akirudi, usingoje ale. Mwekee kitambaa mapajani, useme ulichofanya. Akikasirika, mwache akasirike, na usithubutu kuanza na "mimi ni mama yako".

Kesho asubuhi nendeni wote wawili Mbuya, ukaongee wewe, si yeye. Mwalike Madam Akwero kwenye maombi ya Alhamisi hii. Huguette aifunike mashine mbele ya macho yake, muimbe mpaka izimike, kisha aifunue, ipoe, aiwashe. Mwalimu akiona kwa macho hahitaji kuhubiriwa. Hapo ndipo umwombe alirudishe lori na awape mwezi mpya, mashine ikiwa uchi kama ilivyozaliwa.

Mama Reine atakuwepo, najua. Mwache acheke mara moja. Akimaliza, mwombe kwa upole alete ile chapati ya mwanawe, iwashwe, ivalishwe njiwa haohao kwa muda wa saa mbili, tuone nani atapoza.

Na yule mzee aandikiwe leo leo, Huguette aandike, wewe utie jina lako, lile la kweli: Kosa limepatikana. Limefumwa kwa mkono, lina njiwa wawili, na aliyelifuma anaomba radhi.