Jibu Nililompa Daktari

Jumanne, 6 Februari

Nimedanganya leo. Jambo hili naliandika hapa ili liwepo mahali, maana mdomoni halitoki.

Binti yetu Kijino ana wiki sita hajaenda chuo. Chuo cha ushonaji, alikichagua mwenyewe! Sasa analala kaelekea ukutani, haogi mpaka nimsukume, chakula anakigusagusa tu. Ana miaka kumi na minane na anatembea kama bibi wa themanini. Mimi na mume wangu tumempeleka kliniki ya afya ya akili, hospitali hii hii ninayofua mashuka. Tumepita mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Nimemwambia ni njia ya mkato. Si ya mkato hata kidogo – ni njia ambayo wenzangu wa dobi hawapiti.

Daktari ni mdada mdogo, mpole. Akamwomba Kijino asubiri nje, akatuuliza: kwenye ukoo wenu, kwa mama au kwa baba, kuna aliyewahi kuugua akili? Aliyezama kwenye huzuni, au aliyepandwa na furaha mpaka usingizi ukamkimbia? Nikasema hakuna. Haraka hivyo! Nikaongeza na ya bure: baba yangu alikuwa na sukari, mama ana presha. Akayaandika yote. Sukari ya baba yangu, kwenye faili la mtoto ambaye hajachangiwa na baba yangu hata ukucha.

Mume wangu aliangalia viatu vyake mpaka tukatoka na vidonge vya kuondoa huzuni.

Jumapili, 11 Februari

Tumegombana jikoni, kwa sauti ya chini, bomba nimelifungulia ili Kijino asisikie. Mume wangu kasema nirudi kwa daktari nikaseme ukweli. Nikasema akijua daktari, atajua na mtoto. Akanikumbusha kwamba mtoto alipofika miaka kumi yeye alitaka tumwambie, mimi nikalia wiki nzima, akaliacha. "Mimi ni fundi friji, mke wangu. Mtu akinificha kwamba friji lilianguka, nitabadilisha kila kitu isipokuwa kilichovunjika."

Nikamjibu mtoto si friji. Jibu la mtu aliyeishiwa.

Basi niandike, walau hapa. Kijino tulimwasili akiwa na miezi tisa na jino moja la mbele, ndiyo maana ya hilo jina. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa hapa hapa, wodi ya tisa. Msichana mrefu, mweusi wa kung'aa. Mimi nilikuwa mgeni kazini, nasukuma toroli la mashuka. Wiki hii anaimba na kugawa nguo zake kwa wagonjwa wenzake, wiki ijayo hawezi hata kugeuka kitandani. Mtoto alikuwa kwenye makao ya watoto. Siku akili ya mama yake ilipotulia alitia sahihi mbele ya afisa ustawi wa jamii. Tulifuata sheria yote, cheti tunacho. Ila tukahama mtaa, na tangu hapo mimi ndiye niliyemzaa, tena kwa shida, tena kwa upasuaji. Hata kovu nimelisingizia! Ni la kidole tumbo.

Jumatatu, 19 Februari

Amecheka! Kaoga bila kuambiwa, kasuka nywele, kala mpaka kapangusa sahani. Vidonge vimeingia. Nimemtazama mume wangu kama mtu aliyeshinda kesi. Hakunitazama.

Alhamisi, 22 Februari

Hajalala siku ya nne hii. Asubuhi nimemkuta amekata mapazia yote ya sebuleni, anashona magauni ya watoto wa mtaa mzima. Kumi na moja. Mishono imenyooka, pindo safi – ndilo linaloniumiza zaidi. Anaongea bila kituo. Atafungua kiwanda. Atatuajiri wote, baba atakuwa wa mitambo. Nikimwambia akae kidogo anacheka, ananikumbatia, anaondoka kabla mikono yangu haijafunga.

Na macho yale! Nimewahi kuyaona, wodi ya tisa, kwa mwingine, ananisukumia blauzi yake: chukua dada, chukua, ninazo nyingi.

Nilijua. Nilijua pale pale, na bado nikavaa sare nikaenda kazini.

Ijumaa, 23 Februari

Alitoka barabarani anasimamisha magari, awape madereva magauni. Lori lilifunga breki. Jirani ndiye aliyemvuta.

Amelazwa. Wodi ya tisa. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 26 Februari

Kazini nimesema Kijino kaenda kwa shangazi yake. Hakuna aliyeuliza, nimesema tu.

Toroli la wodi ya tisa likaingia saa nne. Mwenzangu wa kupiga pasi, tunamwita Mama Pasi, akanyanyua shuka moja lililofungwa mafundo kila pembe. Akasema, "Haya, wenye akili zao wametuletea zawadi." Wote wakacheka.

Nikacheka. Nilicheka! Kwa sauti, nisije nikaonekana. Kisha nikayafungua yale mafundo moja moja. Yalikuwa yamefungwa vizuri, kwa vidole vinavyojua nguo. Sijui kama ni lake. Sitaki kujua.

Jumanne, 27 Februari

Daktari aliniita. Kauliza tena, taratibu, swali lile lile. Kasema hali hii mara nyingi hutembea kwenye damu. Nikaangalia kalenda ukutani. Nikaangalia kidirisha. Halafu nikasikia sauti yangu: si damu yetu.

Nikamwambia yote. Alidhani labda ningelia. Sikulia, nilikuwa nimekauka kama shuka la kwenye mashine. Akafuta kwenye faili. Mstari mmoja juu ya sukari ya baba yangu. Kasema vidonge vile vinaweza kumpandisha kupita kiasi mtu mwenye ugonjwa huu, na angejua angeanza kwa njia nyingine, angemwita kila siku chache amwangalie. Nikamuuliza kama ni mimi niliyemfanya hivi. Kasema huenda angepanda hata hivyo, hakuna anayejua. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Amebadilisha dawa. Kisha akasema neno zito: Kijino ni mtu mzima sasa, faili ni lake, akitaka kulisoma atalisoma. Afadhali asikie kwetu kwanza.

Ijumaa, 1 Machi

Dawa mpya inamtuliza. Kalala saa tisa mfululizo. Mikono inatetemeka kidogo, sista anasema watapunguza kipimo.

Tumekutana na mnasihi wa vijana, mzee wa makamo, soksi zake hazifanani. Kasema yeye hatamwambia mtoto. "Lakini akiniuliza, mama, sitamdanganya. Hapa wote wamechoka kudanganywa." Kasema wapo vijana wengi wa kuasiliwa wanaokuja kwake, na karibu wote walihisi kitu muda mrefu kabla ya kuambiwa. Wanachokosa ni jina la hicho kitu, basi wanakiita kosa lao.

Nikaingia wodini nimejiandaa kabisa. Nikakaa kitandani. Nikamwambia nywele zako zinahitaji mafuta.

Dakika arobaini. Tumeongelea nywele.

Jumapili, 3 Machi

Leo yeye ndiye aliyeanza. Mume wangu alikuwa amekwenda kumtafutia maji. Kijino kakaa kitandani, miguu juu, kama zamani. Sauti yake imerudi, ndogo.

"Mama, daktari anasema huu ugonjwa unatembea kwenye ukoo. Mbona kwenu hakuna? Nimehesabu wote. Shangazi, mjomba, babu, wote wazima. Ni mimi tu."

Nikasema usiwaze hayo.

"Nimewatia aibu. Mmenilea vizuri, hamkunipiga, hamkuninyima kitu. Mtu akiwa na wazazi kama nyinyi akaharibika, basi uharibifu ni wake mwenyewe."

Ningemwambia pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ningeingia tu. Nikamwambia, "Usiseme hivyo mwanangu," nikamfunika miguu na shuka. Shuka nililolifua mimi.

Mtoto anajibebesha mzigo wangu, namwona, na mimi namwekea shuka juu.

Jumanne, 5 Machi

Nilikuwa natoka wodi ya tisa, ndoo ya uji mkononi, uso kwa uso na Mama Pasi. Nikaanza kusema nimeleta uji wa mgonjwa wa jirani. Akanishika kiwiko.

"Acha bwana. Nilijua tangu juzi, nimeona jina kwenye orodha ya wodi." Akanisogeza kando ya njia. "Siku ile nilisema upuuzi, dada yangu. Nisamehe. Lakini na wewe mbona ulicheka?"

Hakunisubiri nijibu. Kachukua ndoo, katembea nami mpaka dobi, na njiani kamwambia kila aliyeuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba binti yangu amelazwa wodi ya tisa na anaendelea vizuri. Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Hakuna aliyecheka. Mmoja kauliza kama anaruhusiwa kula matunda.

Usiku huu nimemwambia mume wangu: keshokutwa, kwa mnasihi. Kasema sawa. Kasema atavaa shati lake jeupe. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniliza.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha mnasihi. Saa tano na dakika kumi.

Nimesema. Si vizuri, lakini nimesema. Nilianza na cheti, mume wangu akaniambia anza na jino, nikaanza na jino. Kijino alisikiliza ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la gauni. Nilipofika kwenye kovu aliniangalia mara moja. Tumbo, halafu uso. Akasema, "Hata hilo?" Nikasema hata hilo. Nikamwambia na la faili, kwamba daktari aliuliza nami nikajibu uongo, na vidonge vile vilitokana na jibu langu. Mnasihi hakuniagiza niseme hilo. Nilitaka limalizike.

Hakupiga kelele. Nilimngoja apige. Kasema, "Kwa hiyo sikuharibika peke yangu." Kisha akaomba tutoke, abaki na mnasihi.

Mume wangu kanishika mkono hapa kwenye benchi. Nimeuacha mkononi mwake. Sistahili, lakini nimeuacha.

Mlango umefunguliwa sasa hivi. Mnasihi kaleta karatasi, kasema Kijino ameandika maswali, anataka yajibiwe kwa maandishi, hataki kusikia sauti yangu kwa sasa. Anaweza kubadilika, kasema, lakini kwa sasa ndivyo. Maswali matatu, kwa mwandiko wake wa chuo, ulionyooka.

Jina lake nani, aliyenizaa? Nimeandika. Lote, majina yote matatu. Sijawahi kulisahau hata siku moja.

Yuko hai? Nimeandika: Sijui. Sikuwahi kuuliza. Nimeandika hivyo hivyo.

Alipokuwa amelazwa, nani alikuwa anakuja kumwona?

Jibu ninalo. Miezi saba nilisukuma toroli mpaka kwenye kitanda chake. Hakuja mtu. Alikuwa ananiomba nikae kidogo, dakika tano tu, dada, unisimulie huko nje kukoje. Na mimi nilikuwa namwambia nina haraka. Hata baada ya kuanza kumtaka mtoto wake, nilimwambia nina haraka.

Mume wangu kasoma swali, kanisukumia kalamu. Hilo halijui hata yeye.

Mnasihi amesimama mlangoni, kanyoosha mkono anangoja karatasi. Nyuma yake namwona Kijino, kanipa mgongo, mabega yamekaza. Nimeandika "Mimi", nimekata. Nimeandika "Hakuna", kalamu bado iko juu ya karatasi, sijui kama nitaandika na zile dakika tano nilizomnyima.