Bakuli la Njahi

Jumanne, 6 Mei

Sketi nne za shule zimekwisha, bado sita. Mguu wa kulia umevimba, kwa hivyo nakanyaga cherehani kwa wa kushoto. Tumbo limenisukuma mbali na meza. Lazima ninyooshe mikono yote ndiyo ifike kwenye sindano. Sidhani kuna fundi mwingine Kitengela anayeshona kwa mbali namna hii.

Yeyo, mama mkwe wangu, leo ametimiza siku ya kumi nyumbani kwetu. Alikuja kutoka Bissil na begi moja na sheria moja: mimba ikikaribia kuiva, mwanamke hali sana. Kwao Wamasai ndivyo walivyofanya tangu zamani. Mtoto akinenepa tumboni atakwama, kwa hivyo mama anapunguziwa. Mchana wa leo: ugali wa ukubwa wa ngumi, mboga kidogo, maziwa yaliyotiwa maji. Anapakua mwenyewe. Akiona nimekunja uso anasema, "Sista amesema." Hakuna sista wa kliniki aliyesema kitu. Amegundua tu kwamba nikiambiwa ni maneno ya sista, sibishi.

Nampenda. Niandike hilo kabla sijaendelea kulalamika. Ananifulia, ananikanda miguu, hataki niinue hata ndoo. Lakini nina njaa.

Saa kumi Mama, mama yangu mzazi, alipita dukani kwangu akitoka sokoni. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu, na yeye pia ana sheria yake: njahi. Yale maharagwe meusi ambayo kwetu Wakikuyu mwanamke mjamzito hulishwa hadi aombe msamaha. Ameniachia kontena chini ya vitambaa. Nimekula nikiwa nyuma ya pazia la wateja wa kupima nguo. Nina miaka ishirini na tisa.

Alhamisi, 8 Mei

Kliniki, Kajiado. Lemayian, mume wangu, anafanya kazi huko, ofisi ya mifugo. Ndiyo sababu nilijiandikisha huko, niwe nikienda naye asubuhi kwa pikapu.

Daktari alipaka ile dawa baridi, akapitisha kifaa tumboni, akanyamaza. Sipendi daktari akinyamaza.

Mtoto amekaa. Kichwa kiko juu chini ya mbavu zangu, matako ndiyo yako chini. Wiki ya thelathini na nane sasa. Kwa vile ni mimba ya kwanza, daktari hataki kubahatisha. Nitapasuliwa Jumanne, tarehe 13. Watanipigia simu Jumatatu kunipa maagizo.

Naogopa. Mimi ni fundi, najua kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Hata ushone vizuri namna gani, mshono utabaki pale pale ukikutazama. Daktari amesema wanawake wanapasuliwa kila siku na wanarudi nyumbani wakicheka. Najua. Dada yangu alipasuliwa, na hana shida yoyote. Mimi sitaki tu. Nataka mtoto ageuke. Siku tano anazo.

Tukirudi, Lemayian akasema ndama akikaa hivyo yeye humgeuza kwa mkono. Nikamwambia asinisemeshe mpaka tupite Isinya.

Ijumaa, 9 Mei

Hajageuka.

Jumamosi, 10 Mei

Hajageuka. Daktari alisema naweza kujaribu kupiga magoti, kichwa chini, matako juu. Yeyo akafungua mlango akanikuta hivyo. Akadhani nasali. Akarudi nyuma polepole, akanifungia.

Jumapili, 11 Mei

Mama alikuja kwa chakula baada ya kanisa. Yeyo alikuwa ameshaiona kontena. Alikuwa ameiosha na kuiweka katikati ya meza, tupu.

Yeyo anasema mtoto amejaa njahi, ndiyo maana hana nafasi ya kujigeuza. Mama anasema mtoto ana njaa, nguvu ya kujigeuza atoe wapi. Kiswahili si lugha ya mama kwa yeyote kati yao, kwa hivyo ugomvi ulienda polepole, kila mmoja akingoja mwenzake apate neno. Lemayian alitoka nje kuangalia gurudumu la gari. Gurudumu halina neno.

Jambo moja linaniuma. Yeyo alikuwa mkunga kwao. Amepokea watoto wengi mpaka ameacha kuhesabu. Siku hizi akiitwa na mwenye uchungu, anamshika mkono na kumpeleka hospitali. Jana nilimwomba aguse tumbo langu aniambie anachosikia. Akakataa. Anasema mikono yake imestaafu, na tumbo la mke wa mwanawe analiogopa. Kama yeye anaogopa, mimi je?

Jumatatu, 12 Mei

Hospitali imepiga simu nikiwa bafuni. Yeyo akapokea. Akawaambia yeye ni mama yangu, wakampa maagizo yote. Tufike saa tatu.

Saa kumi na mbili jioni akanipa nusu kikombe cha uji. Kisha akasema, "Sasa usikule kitu tena. Hata maji. Mpaka watoe mtoto. Sista amesema."

Nimeitikia. Siku ya kumi na sita hii ya sista amesema. Nimepanga begi mara ya nne. Hajageuka.

Jumanne, 13 Mei

Naandika nikiwa wodini, Kajiado. Sijapasuliwa. Kosa ni langu, na la bakuli.

Saa kumi na mbili asubuhi Mama alibisha mlango wa nyuma. Njahi ya moto, imepondwa na ndizi. Alisema mtu haendi kufanyiwa kazi kubwa hivyo tumbo likiwa tupu. Hakuwa ameambiwa chochote kuhusu simu, na mimi sikuona la kumwambia. Nilikula nikiwa nimesimama nyuma ya tangi la maji. Nikalamba kijiko. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nilijisikia mtu.

Hospitali, Yeyo na Mama wakiwa nami, nikavalishwa gauni linalofungwa mgongoni, limeshonwa vibaya sana. Nikawekewa sindano mkononi. Akaja yule wa dawa ya usingizi na karatasi yake. Nimekula lini mara ya mwisho? Yeyo akajibu kabla yangu, kifua mbele: jana saa kumi na mbili jioni. Mimi nikaitazama ile karatasi.

Yule mtu akaeleza, akinitazama mimi, kwamba chakula kikiwa tumboni kinaweza kupanda wakati wa upasuaji na kuingia mapafuni. Watu hufa. Akauliza tena.

Nikasema njahi. Leo saa kumi na mbili.

Kiasi gani?

Bakuli.

Dogo?

Kubwa.

Yeyo akageukia dirishani. Siku zote hizo sista hakuwa amesema, na siku aliyosema kweli mimi sikuamini. Mama alijifunika uso kwa leso.

Leo haiwezekani tena, na kesho nafasi zimejaa. Mtoto hana shida, hakuna haraka, kwa hivyo ni Alhamisi. Nimelazwa hapa hapa, ambapo daktari anasema watajua ninachokula. Uchungu ukianza kabla, nitaingizwa mara moja, saa yoyote. Nimelia kwa aibu. Halafu nikakumbuka uso wa yule mtu akiuliza kama bakuli lilikuwa dogo, nikacheka mpaka mama wa kitanda cha pili akaniuliza kama niitiwe sista.

Jumatano, 14 Mei

Saa sita mchana mtoto alifanya vurugu. Tumbo zima lilihamia upande mmoja, likabaki huko limechongoka, likasukumwa tena. Uji ukamwagika shukani. Kisha kimya. Nilitaka kumwita sista nikaona haya. Jana nimewasumbua vya kutosha.

Saa ya kuona wagonjwa Yeyo alikuja peke yake. Nilijua hajanisamehe. Aliniamkia kwa Kimasai, "Takwenya", nikajibu "Iko", akakaa. Hakuuliza nimelalaje. Alilitazama tumbo muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Halafu akafanya jambo ambalo hajafanya siku zote hizo. Akasugua viganja vyake mpaka vikapata joto, akaniomba ruhusa.

Hakubonyeza. Aliweka mikono tu, moja juu, moja chini, akafumba macho. Akaanza kucheka kidogo kidogo.

"Huyu amegeuka. Kichwa iko hapa chini."

Nikamwita sista. Sista akasema tungoje daktari apite jioni. Nikasema singoji, na nadhani wodi nzima ilisikia. Akaja akagusa mwenyewe. Akagusa tena. Akaenda kumwita daktari. Wakanipeleka kwenye kile kifaa.

Kichwa chini. Nimekiona. Cha mviringo, kimetulia.

Daktari anasema hutokea, si sana kwa wiki hizi, na hajui kwa nini. Yeyo anajua: siku mbili nimekula kwa kipimo cha hospitali. Mama kwenye simu naye anajua: njahi. Mtoto angekuwa hana nguvu angebaki alipokuwa. Mimi najua moja tu. Kama singekula lile bakuli, ningekuwa nimepasuliwa jana.

Upasuaji umefutwa. Daktari anasema kichwa kinaweza kupanda tena, kwa hivyo nibaki hapa waniangalie. Kaa hapo hapo, mtoto. Nakuomba. Nimefurahi mpaka naogopa kujigeuza kitandani.

Alhamisi, 15 Mei

Saa mbili asubuhi. Mgongo. Unauma, unaacha.

Saa nne. Ni wenyewe. Sista amepima, sentimita tatu. Kichwa bado kiko chini, nimemwomba ahakikishe mara mbili.

Saa sita. Natembea koridoni na Lemayian. Amekuja na buti za kazi, ananuka ng'ombe. Nimemwambia aondoke. Nimemwambia arudi.

Saa nane. Sentimita sita. Nilikuwa naogopa kukatwa. Sasa wanikate na mkasi wowote. Hata ule wangu wa dukani, na haujanolewa tangu Januari.

Saa tisa. Yeyo anachukua hii kalamu.

Ijumaa, 16 Mei

Ni mvulana. Alizaliwa jana saa kumi na moja kasorobo, kilo tatu na robo, akitanguliza kichwa.

Sikumbuki kwa mpangilio. Waliruhusu mtu mmoja aingie nami, nikamtaja Yeyo kabla hawajamaliza kuuliza. Lemayian alishusha pumzi, nilimwona. Yeye huzalisha ng'ombe bila wasiwasi, lakini mimi nilikuwa nimemgeuza rangi tangu saa sita. Yeyo alinishika kutoka nyuma, mikono yake chini ya makwapa yangu. Hakutoa maagizo hata moja. Kazi aliwaachia masista. Kila nilipolegea alinibana kidogo, nikajua bado niko. Nilipiga kelele maneno ambayo sitayaandika hapa, na kwa lugha tatu.

Kisha kukawa na uzito unatoka, moto, na kile kilio. Wakaniwekea kifuani akiwa bado na utelezi. Nilimpenda kabla hajapanguswa. Sikutegemea itakuwa haraka hivyo. Nilidhani nitahitaji kumzoea.

Nyuzi tatu tu. Nikamuuliza sista ametumia mshono gani. Akasema niache kazi dukani.

Mama alikuwa nje koridoni. Kwetu mtoto wa kiume hupigiwa vigelegele vitano, wa kike vitatu. Mama akaanza kwa nguvu zake zote, na alipofika cha tatu sista akatoka kumkumbusha kuna watu wamelala. Akakatiza hapo. Shangazi alikuwa kwenye simu, akihesabu. Kufikia leo asubuhi kina mama wote wa kanisa Kitengela wanajua nimepata msichana, na kuna mmoja ameshafuma kofia ya pinki. Atavaa. Ni kofia nzuri.

Jumapili, 18 Mei

Nyumbani tangu jana. Mvua imenyesha asubuhi yote, na matope yamezuia wageni, ashukuriwe Mungu. Mtoto analala, ananyonya, analala. Akinyonya anakunja ngumi na kuniwekea kifuani, kana kwamba nitamtoroka. Cherehani imefunikwa. Sketi sita zitangoja.

Lemayian alileta kondoo kutoka Bissil jana jioni. Yeyo amechemsha supu yenye mafuta yaliyoelea juu kidole kizima. Baada ya kuzaa, kwao, mwanamke analishwa kisawasawa. Mama alikuja na sufuria yake, akasimama mlangoni pa jikoni hajui kama aingie. Nilisikia Yeyo akimwambia asogee, moto ni mmoja. Walikaa huko muda mrefu. Sikusikia ugomvi, na nilikuwa nimetega sikio.

Kisha Yeyo akaja na sahani. Amepakua mwenyewe, kama kawaida. Nyama, ugali, supu bakuli zima. Nikangoja apunguze, kwa mazoea tu. Akarudi jikoni akaleta njahi ya Mama, akaongeza juu, vijiko vitatu.

"Kula yote," akasema. "Sista amesema."

Nimekula mezani, mbele ya watu.